Kushusha Gari kwa Bajeti Ndogo: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayetaka kushusha gari lake kwa fedha kidogo aelewe mapema kwamba kimo chenyewe hakina gharama kubwa. Mtu mwenye jeki na grainda anaweza kulishusha gari kwa mchana mmoja tu. Gharama iko katika kulifanya gari hilo, likiwa chini, liendelee kubonyea na kurudi juu bila kugota, bila kula matairi, na bila kuyumba dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Magari mengi yaliyoshushwa ninayoyaona hapa Mombasa yanaugua ugonjwa mmoja, nao ni kwamba mwenyewe alitumia fedha zote kununua kimo na hakubakiza chochote cha kulinda nafasi ya kubonyea.

Nafasi hiyo ndiyo jambo la kwanza mgeni wa kazi hii anapaswa kuielewa. Tuseme shoku ya mbele, gari likiwa limesimama, ina sentimita 8 za kubonyea kabla ya kufika mwisho wake. Ukilishusha gari kwa sentimita 4 huku ukiacha shoku ileile, umebakiwa na nusu ya nafasi, wakati shimo la barabarani halikupungua kina. Pigo lilelile sasa lazima limezwe ndani ya umbali wa nusu, na kwa hiyo nguvu inayohitajika kulizuia ni mara mbili kwa wastani. Ndiyo maana springi nzuri za kushushia huwa ngumu kuliko za kiwandani, na ndiyo maana gari lililoshushwa kupita kiasi kwa springi laini hugota kwenye kila tuta. Katika barabara zetu, mtu asiye na fedha nyingi asivuke sentimita 3. Najua picha za mitandaoni zinaonyesha magari yaliyolalia rimu, lakini mengi ya hayo yana mifuko ya hewa inayoyainua yanapotaka kutembea, na hicho si kitu cha bajeti ndogo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kipimo cha kutoka ardhini hadi kwenye fenda hudanganya, kwa sababu hubadilika na upepo wa tairi na hali ya sakafu. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda ulio juu yake, kona zote nne, gari likiwa mahali tambarare na bila mizigo, na uandike pia kiasi cha mafuta kilichokuwa kwenye tangi. Magari mengi yaliyotumika hayalingani kona zote, na ni vyema kujua kwamba kona ya kulia ya nyuma tayari iko chini kwa sentimita nzima kabla hujamlaumu fundi kwamba ndiye aliyeipindisha. Halafu waketishe watu wanne ndani, pima tena, na utazame sehemu iliyo chini zaidi kuliko zote tumboni mwa gari, ambayo mara nyingi ni ekzosi au kinga ya sampu (bakuli la mafuta chini ya injini). Magari mengi ya saluni ya Kijapani hutoka kiwandani yakiwa na takriban sentimita 14 hadi 16 kutoka ardhini. Ondoa 3 za kushusha, ondoa nyingine zinazopotea abiria wakipanda, na utaona kwamba tuta lenye kimo cha sentimita 10 halijawa mbali na tumbo hata kidogo.

Kipimo cha pili hakigharimu karibu chochote, nacho kina faida kuliko ushauri wa watu kumi. Chukua utepe mmoja wa plastiki wa kufungia nyaya, sukuma juu kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi kwenye shoku, uufunge utepe kwenye fimbo inayong'aa ya shoku, kisha uusukume chini hadi ulalie mwili wa shoku. Uendeshe gari katika njia zako za kawaida kwa siku kadhaa, pamoja na matuta ya mtaani kwako na abiria unaowabeba. Kila shoku inapobonyea, mwili wake husukuma utepe juu na kuuacha pale ulipofika. Ukirudi chini ya gari utauona utepe umetulia mahali fulani kwenye fimbo, na umbali uliobaki kati yake na mpira wa kugotea ndio akiba uliyo nayo. Ikiwa utepe umesukumwa hadi kwenye mpira huo na gari bado liko kwenye kimo cha kiwandani, hakuna akiba, na kulishusha gari hilo bila springi ngumu zaidi ni kulitafutia maradhi.

Huenda utepe ukafichua kwamba shoku zenyewe zimekufa. Tazama kama mwili wa shoku umelowa mafuta, na kama gari likibonyezwa konani linacheza zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Shoku iliyochoka haiwezi kutuliza hata springi laini ya kiwandani, sembuse springi fupi na ngumu. Vivyo hivyo bushi za mikono ya chini, boljointi, tairodi na vifundo vya stabilaiza vikaguliwe na kubadilishwa kwanza, kwa sababu kushusha gari huongeza mzigo kwa kila kimoja chao. Kwangu mimi, robo ya bajeti huwekwa kando kwa ajili ya vitu hivi kabla ya springi kutajwa.

Wako pia wanaoamini kwamba kuweka rimu kubwa hushusha gari. Rimu haishushi kitu. Kinachoshusha ni kimo cha jumla cha tairi. Tairi la 195/65R15 (upana wa milimita 195, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina kipenyo cha takriban milimita 634, na la 205/55R16 lina takriban 632, kwa hiyo aliyebadilisha moja kwa jingine amebadilisha sura tu na kimo kimebaki palepale. Aliyetoka 195/65R15 akaingia 195/60R15, kwa upande mwingine, amepunguza kipenyo kwa takriban milimita 20, na kwa kuwa nusu tu ya kipenyo ndiyo iliyo chini ya ekseli, gari limeshuka kwa milimita 10. Matairi yako yakiwa yamekwisha na ni lazima ununue mengine, hiyo ni sentimita moja ya bure, na haigusi nafasi ya kubonyea hata kidogo. Itakubidi tu ukumbuke kwamba spidi mita itakuwa ikisoma juu kwa takriban asilimia 3, na kwamba tumbo la gari nalo limeshuka kwa kiasi hichohicho.

Sasa tufike kwenye springi. Njia iliyo salama ni kununua seti ya springi nne za kushushia zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako hasa, na kampuni kama Tein, Eibach na H&R zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mpya si rahisi, lakini zilizotumika kutoka Japani hupatikana kwa wauzaji wa spea, wa Grogan jijini Nairobi, wa Gerezani kule Dar es Salaam, na hapa kwetu pia. Springi ni chuma na haina mengi ya kuharibika; kagua ncha zake kama zina nyufa, kagua kutu iliyochimba, na hakikisha namba zilizochapwa zinalingana kushoto na kulia au zinatofautiana kwa namna ambayo mtengenezaji alikusudia. Njia nyingine ni kutumia vipuri vya gari ndugu. Subaru Forester za vizazi viwili vya mwanzo zilijengwa juu ya msingi wa Impreza, na kwa sababu hiyo vijana hubadilishana shoku na springi zake, wa Impreza wakitafuta kimo na wa Forester wakikikimbia. Wanaofanya hivyo hulinganisha kwanza viti vya juu vya shoku, kwa maana si vyote vinavyoingiliana kati ya mwaka mmoja na mwingine.

Kuhusu koilova zilizotumika, yaani shoku na springi zilizoundwa pamoja kama kitu kimoja, nitakuwa mkali kidogo. Zinavutia, kwa sababu kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha pete, lakini ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hushusha gari kwa kuteremsha kitako cha springi tu, na kila milimita unayoshusha inatoka kwenye nafasi ya kubonyea. Aina ya pili ina mguu wa chini unaojizungusha wenyewe, hivyo kimo hupungua bila kuigusa nafasi hiyo, na hii ndiyo inayostahili fedha yako. Kwa vyovyote vile, jaribu kuzungusha pete zote dukani kabla ya kulipa. Chumvi ya pwani huzikamata pete za alumini kiasi kwamba hazifunguki tena ila kwa nyundo, na koilova isiyozunguka ni springi fupi ya bei ghali. Pitisha kucha kwenye fimbo pia, na ukihisi vishimo vya kutu, iache, kwa kuwa fimbo hiyo itakata sili na mafuta yatatoka.

Tunabaki na njia inayoulizwa kuliko zote, yaani kukata springi. Sitasema kwamba haifai kabisa, kwa sababu watu wanaifanya na kwa baadhi ya magari inafanyika vizuri. Nitaeleza inavyofanya kazi ili mtu aamue akiwa anajua. Springi ikikatwa huwa ngumu zaidi, kwa kuwa ugumu wake huenda kinyume na idadi ya mizunguko inayofanya kazi: ikiwa mizunguko hiyo ni 6 na ukatoa mmoja, springi iliyobaki ni ngumu zaidi kwa asilimia 20. Jambo hilo ni jema kwa kiasi. Ili kujua gari litashuka kwa kiasi gani, usipime springi ikiwa imelazwa chini. Ipime ikiwa garini na gari limesimama kwa matairi yake, kutoka katikati ya mzunguko mmoja hadi katikati ya unaofuata. Umbali huo ndio ambao springi itapungua kwa kila mzunguko unaotolewa, kwa maana mizunguko inayobaki itaendelea kubeba uzito uleule na kubonyea kama ilivyokuwa ikibonyea. Kwenye gari lenye mguu wa MacPherson mbele, yaani springi ikiwa imezunguka shoku, kama Premio au Impreza, kimo hushuka karibu kiasi hichohicho. Pale ambapo springi imeketi katikati ya mkono wa saspensheni, mbali na tairi, gari hushuka zaidi ya springi ilivyofupishwa, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo akate pungufu ya anavyodhani.

Nusu mzunguko kwa mara moja inatosha, kisha rudisha, teremsha gari, uangalie. Kata kwa diski nyembamba ya grainda au kwa msumeno wa chuma, na kitambaa chenye maji kikiwa kimezungushiwa karibu na mahali unapokata. Gesi isisogee hapo. Moto wa gesi huondoa ugumu ambao kiwanda kiliupa chuma hicho, na springi iliyopashwa hadi ikawa nyekundu ama itaendelea kuzama mwezi hadi mwezi, kona moja kuliko nyingine, ama itakatika ghafla. Mafundi wanaoshusha gari kwa kupasha springi ikiwa bado iko garini, na ambao humaliza kazi kwa nusu saa, wakimbieni. Vibano vya kufunga mizunguko miwili pamoja ni hatari vilevile, kwa kuwa kimoja kikiteleza barabarani kona hiyo huruka juu na gari huvuta upande.

Si kila springi inakatika. Ncha inayokatwa ni ile iliyo wazi, ambayo waya wake unaendelea kwa mzunguko wa kawaida. Ncha iliyosokotwa ikawa ndogo, au iliyofungwa na kusagwa ili ikae tambarare, haikatwi, kwa sababu baada ya hapo haitaketi kwenye kitako chake. Ikiwa ncha zote mbili ni za namna hiyo, sahau kukata na urudi kwenye springi za kununua. Ukimaliza kukata, paka rangi mahali palipokatwa, vinginevyo kutu itaanzia hapo. Halafu inua gari hadi matairi yaning'inie na ujaribu kuzungusha springi kwa mkono. Ikicheza au ikitoka kwenye kitako chake, umekata kupita kiasi, na siku tairi litakapoingia kwenye shimo refu springi itarudi mahali pasipo pake. Kwenye magari ambayo springi ya nyuma imesimama peke yake mbali na shoku, ndiko mchezo huu hutokea zaidi. Faida yake ni kwamba huko nyuma kazi yenyewe ni rahisi: ukifungua bolti za chini za shoku na kuteremsha ekseli kwa jeki, springi hutoka bila kubanwa, mradi unaangalia bomba la breki lisivutike.

Mbele ni tofauti. Springi iliyo kwenye mguu wa shoku imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua mtu, na nati iliyo juu katikati haiguswi kabla ya springi kufungwa kwa vibanio viwili vinavyotazamana na kukazwa kwa zamu, kidogo kidogo. Mwenye vibanio vilivyochakaa nyuzi zake aazime vingine. Kwenye Subaru nyingi, bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika mguu wa shoku si ya mviringo kamili: kuizungusha hubadilisha mwinamo wa tairi. Kabla ya kuilegeza, weka alama ya tipeksi kwenye kichwa cha bolti na kwenye chuma kilicho nyuma yake, ili uirudishe ilipokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo gereji nyingi haziliheshimu. Bushi za mikono ya saspensheni ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje, nazo hufanya kazi kwa kujisokota. Zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, hukazwa katika pembe isiyo yake. Gari linapoteremshwa, mpira huanza maisha yake ukiwa tayari umesokotwa, na baada ya miezi michache hupasuka. Kwa sababu hiyo, baada ya kubadilisha kimo, legeza bolti zote zinazopita katikati ya bushi, hata zile za mkono ambao hukuufungua, weka gari juu ya matairi yake, lisukume mbele na nyuma ili litulie, kisha uzikaze hapohapo likiwa limebeba uzito wake. Nafasi ya kuingia chini inakuwa finyu, lakini matairi yakipanda juu ya mbao nene au njia ya kupandishia gari, mkono unafika.

Kisha lala chini mbele ya gari uangalie mikono ya chini. Kiwandani, mkono huo huinama kutoka kwenye fremu kuelekea tairi. Gari likishuka, ncha ya upande wa tairi hupanda, na mkono ukipita usawa na kuanza kuinuka kuelekea nje, mambo hugeuka. Kwenye kona, badala ya kusukuma sehemu ya chini ya tairi nje ili tairi lisimame vizuri, mkono huivuta ndani, na tairi hukanyaga kwa ukingo wake. Gari kama hilo linaweza kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa kabla ya kushushwa, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tairodi nayo ikipinda kwa pembe tofauti na ya mkono, kila shimo hugeuza matairi kidogo na usukani hucheza mikononi. Kwa hiyo mkono ukifika usawa, hapo ndipo mwisho wako, hata kama nafasi kati ya tairi na fenda bado inakukera.

Alainmenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa matairi, haina mjadala. Watu huogopa mwinamo wa tairi, yaani tairi kulala ndani kwa juu, lakini kinacholimaliza tairi haraka zaidi ni uelekeo, pale ambapo matairi mawili ya mbele yanatazama ndani au nje badala ya kwenda sambamba. Kushusha gari hubadilisha vyote viwili. Subiri springi zitulie kwa wiki moja au mbili za kuendesha, kisha upeleke gari kwenye mashine. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tairi moja, na anayeiruka atainunua kwa matairi mawili.

Taa za mbele zirekebishwe pia, hasa kama nyuma imeshuka kuliko mbele, kwa kuwa mwanga utakuwa ukiwapofusha wanaokuja. Magari yenye taa zinazojirekebisha zenyewe yana kihisi kidogo chenye kifimbo kwenye mkono wa saspensheni. Hakikisha kifimbo hakikupinda. Wenye pikapu na van waangalie vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa springi au fimbo. Vali hiyo hupima mzigo kwa kutazama kimo cha gari, kwa hiyo nyuma ikishushwa hudhani gari limepakiwa, huongeza breki za nyuma, na matairi ya nyuma huweza kufunga katika mvua. Irekebishwe kulingana na kimo kipya. Kwa wamiliki wa HiAce zenye tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi), mbele hushuka kwa kulegeza bolti zake bila kununua kitu, ila nafasi ya kubonyea inapungua hapo kama kwingineko.

Mjulishe mwenye bima yako kwa maandishi kuhusu mabadiliko uliyofanya, kwa kuwa ajali ikitokea swali hilo litaulizwa. Na kama unavuka kivuko cha Likoni hapa Mombasa, ujaribu gari maji yakiwa yamekupwa, siyo yakiwa yamejaa, kwa sababu wakati wa maji kupwa njia ya kuteremkia kwenye feri huwa na mteremko mkali na bampa ya mbele ndiyo hutangulia kufika chini. Kupanda na kushuka kwa pembe, tairi moja likitangulia, husaidia pale ambapo wasimamizi wa feri wanakuruhusu nafasi hiyo.

Springi za kiwandani usizitupe wala usizikate hizohizo ikiwa unaweza kupata seti nyingine ya majaribio. Zifute, uziandike kwa rangi mbele, nyuma, kulia na kushoto, kwa sababu kwenye magari mengine za kulia na kushoto hazifanani, na uzihifadhi pahali pakavu. Siku ya kuliuza gari, mnunuzi wa familia atataka kuziona.